Mjukuu Yuko Mkono Gani wa Bibi?

Nyinyi vijana mnaonicheka pale Mkata kwamba nimestaafu udereva nikiwa bado na meno yote, sogeeni karibu. Ni kweli, sijafika hamsini. Mgongo wangu mzima, mguu unakanyaga klachi bila kulalamika, na mkiniletea lori bovu sasa hivi nitasikiliza mlio wake na kuwaambia linaumwa wapi. Kilichonistaafisha ni nyota moja. Wala si zile kubwa ambazo hata mlevi anaziona. Ni ndogo, nyeupe, ya kutafutwa.

Inapatikana hivi. Vuli ikipamba moto, jua likishazama na giza likaanza kukaa sawasawa, geukia upande wa mawio. Tafuta Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana ambacho wazee wetu walikitazama kujua wakati wa kushika jembe. Chini ya Kilimia utaona nyota zimekaa kama panda ya manati iliyopinduliwa, vipembe vyake viwili vinaning'inia. Kwenye ncha ya kipembe cha kulia kuna nyota kubwa, nyekundu kama kaa la moto. Hiyo aliyenifundisha kazi aliiita Bibi. Sasa pembeni mwa Bibi, mkono wake wa kulia, kuna kinukta cheupe. Huyo ndiye Mjukuu.

"Kashika kanga ya bibi yake asipotee gulioni," mzee wangu alikuwa akisema.

Usimkodolee macho, utamkosa. Zima simu kwanza, subiri macho yazoee giza, kisha mtazame kama unavyomtazama mama mkwe: pembeni kidogo, kwa heshima. Atajitokeza mwenyewe. Ujanja huohuo utakusaidia barabarani kumwona ng'ombe mweusi aliyelala kwenye lami, kwa hiyo msidhani nawafundisha mambo ya kupiga ramli.

Mzee wangu huyo ni Mzee Semkiwa, Mzigua wa Misima. Mwembamba, mpole, kofia iliyoshonwa kwa mkono haimtoki kichwani. Alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Handeni, tukibeba mahindi, mihogo mikavu na watu wa magulio, leo Magoma, kesho Korogwe mjini, keshokutwa Misima. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yakiwa yamenuna, nikaomba kazi ya utingo. Babu yangu aliletwa kutoka Njombe kukata mkonge, mmoja wa wale waliokuwa wakiitwa manamba. Baba akazaliwa kambini, mimi nikazaliwa jirani na kambi. Ukoo wetu hakuna aliyefia mahali alipozaliwa. Nilipopanda lori lile mara ya kwanza na kuiona Korogwe inarudi nyuma, nilijua nimefika nyumbani, na nyumba yenyewe ina magurudumu.

Safari zetu za kutoka gulioni zilianza baada ya magharibi, wafanyabiashara wakishafunga mizigo. Mzee Semkiwa alikuwa anaswali kando ya lori, anakunja mkeka, anauweka nyuma ya kiti, kisha anauliza swali lake. Aliniuliza tangu nikiwa utingo, na aliendelea hata nilipopata leseni.

"Festo. Mjukuu yuko mkono gani wa Bibi?"

Majibu yalikuwa matatu tu: kulia, kushoto, au sioni. Ukisema sioni, unakaa upande wa kushoto na mwenzako anaendesha. Hakuna kuulizwa kwa nini, hakuna kutaniwa. Mwenyewe alikuwa akisema, "Sioni si aibu. Aibu ni kubahatisha wakati una roho za watu mgongoni." Mawingu yakiwa yamefunga, aliuliza kitu kingine chochote cha mbali, hata taa ya kibatari kilimani. Na miezi ambayo Bibi hayuko angani jioni, alikuwa na nyota nyingine za kuulizia. Ila hizi mbili ndizo alizozipenda.

Siku ya kwanza nilimwonyesha kimulimuli.

"Mjukuu wako ana mabawa," akasema, akaniacha nikikifuata kwa kidole mpaka kikaingia kwenye mahindi.

Baadaye nikawa mjanja. Nikagundua kwamba vuli yote, saa ile ya kuondoka, jibu ni kulia. Basi siku moja nikajibu nikiwa bado kwenye kiti ndani ya keni ya lori nafunga kamba za viatu: "Kulia, mzee!" Hakukasirika. Alikuja dirishani akaegemea mlango.

"Umemwona, au umemkumbuka?"

Nikaendelea kufunga kamba.

"Kumkumbuka hata mimi namkumbuka marehemu mama. Lakini siwezi kumwomba maji."

Nilishuka nikaenda kutazama. Shikeni neno hilo, maana ndilo nililokuja kuwaambia, hayo mengine ni njia tu ya kulifikia.

Kazi ile ilikuwa na vituko. Kuna wakati mota ya waipa ilikufa tukiwa kati ya Korogwe na Handeni, mvua inamwagika kama imetumwa. Mzee akatoa kipande cha sabuni ya mche, akakisugua chote kwenye kioo kwa nje, maji yakawa yanateleza badala ya kuganda. Tulifika tunanuka kufuliwa. Siku hizi mna spea kila kona, lakini wekeni kipande cha sabuni garini hata hivyo. Na gari likikujia na taa zimewaka zote, usishindane nalo. Shusha macho, tazama ukingo wako wa kushoto, mwache apite na ushamba wake. Kuhusu usingizi, kahawa inakudanganya, muhogo mbichi haukudanganyi, taya likifanya kazi na kichwa kinaamka. Na ukishindwa kabisa, paki ulale. Hakuna mzigo wa mahindi uliowahi kulia kwa kuchelewa.

Mwenye uwezo wa kulia ni Mama Zaina. Huyu alikuwa anauza nyanya na vitunguu, abiria wetu wa kila gulio, mdomo wake hauna breki ya mkono. Alikuwa anapanda juu ya mizigo na kutushutumu kutoka huko huko.

"Nyie wanaume na nyota zenu! Mnachagua mchumba huko juu?"

"Mama Zaina, subiri kidogo, ni usalama wako," namjibu.

"Usalama wangu ni nyanya zangu. Zikioza nitakula nyota?"

Sasa niwapeleke Magoma.

Ilikuwa vuli, nami nimeshapata leseni. Tulikuwa tumeshapakia, na mzee ameshaswali, mvua ikashuka. Ikapiga mpaka korongo lililoko mbele likajaa na kukata njia. Mzee Semkiwa alikuwa na sheria ya makorongo, nanyi ichukueni: maji usiyoyaona sakafu yake si barabara, hata jana ungekuwa umepita hapohapo. Tukasubiri. Watu wakalala chini ya turubai, mimi na mzee kwenye keni. Saa kumi alfajiri hivi akaniamsha. Mvua imekatika, mbingu imeoshwa, maji yamepungua. Nikaenda na fimbo nikapima, nikarudi nikamwambia panapitika. Watu wakaanza kuamka na kupanda. Mzee akawa anapangusa vioo vya pembeni, na kwa mazoea yake akauliza.

"Festo. Mjukuu yuko mkono gani?"

Wakati huo Bibi alikuwa ameshavuka mbingu yote, ameinama upande wa machweo, juu ya milima ya Usambara. Nilikuwa sijawahi kumtafuta saa ile. Nikamwona, nikatazama pembeni kidogo, na kinukta kikajitokeza.

"Kushoto, mzee."

Akacheka. "Wewe bado unaota. Kulia."

Nikatazama tena. Panda ya manati, ambayo jioni huwa imepinduliwa, sasa ilikuwa imesimama, vipembe vyake viko juu. Mbingu ilikuwa imezunguka usiku kucha, na Mjukuu amehamia mkono wa pili wa bibi yake. Ilikuwa wazi kama meno yangu.

"Kushoto, mzee," nikarudia.

"Basi leo macho yako hayajaamka," akasema bila ubaya wowote. "Kaa kushoto upumzike. Nitaendesha mwenyewe."

Na akanyoosha mkono kushika mlango wa dereva. Hapo, vijana wangu, ndipo nilipoacha kutazama nyota. Niliuona mkono wake ulivyotafuta kitasa. Uligusa bodi kwanza, ukateleza, ndipo ukakipata. Nikakumbuka mambo mengine ambayo nilikuwa nimeyaona nisiyatazame: jinsi siku hizi alivyonipa mimi nisome kibao cha namba za magari, jinsi alivyomwitikia mtu shikamoo kwa kungoja kwanza asikie sauti. Mzee wangu hakuwa ananidanganya. Alikuwa anamkumbuka Mjukuu kwa nguvu kiasi kwamba aliamini anamwona.

Nyuma kulikuwa na watu wamepanda juu ya mizigo, akina mama na watoto wao. Mbele kulikuwa na mtu aliyenifundisha kila ninachokijua. Nikimwacha aendeshe, nawaweka wale roho mkononi. Nikisema kwa sauti kwamba dereva haoni, kabla ya adhuhuri habari itakuwa imefika Handeni kwa tajiri, na mzee atakuwa ameshushwa kwenye lori lile kama gunia lililotoboka. Mama Zaina ameshakaa juu, masikio yamesimama.

"Mnagombana nini huko? Kushoto, kulia, mnacheza gwaride?"

"Mzee," nikasema, "njoo mara moja mbele, nadhani rejeta inavuja."

Rejeta ilikuwa nzima. Tulipofika mbele ya boneti, nikainama kama ninayekagua, naye akainama. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ile panda ya manati, imesimama au imepinduliwa?"

Akainua uso. Nilimwona anatafuta, jicho moja, kisha anafumba hilo anatumia la pili. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Bibi namwona," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Namwona kama taa kwenye ukungu."

"Na panda?"

Jogoo aliwika upande wa pili wa korongo. Kisha akaniuliza, yeye mimi, swali ambalo sijawahi kusikia akimwuliza mtu: "Imesimama?"

"Imesimama, mzee. Saa hizi mbingu imegeuka."

"Kwa hiyo Mjukuu..."

"Kushoto."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeletewa habari ya msiba aliyokuwa ameshaiota. "Festo, neno lenyewe dogo hivi," akasema. "Nimewafundisha watu wote kulisema. Sioni." Akanipa ufunguo. Ulikuwa wa moto kwa kushikwa.

Nilitaka kusema kitu cha kumfariji, lakini alishanigeuzia mgongo, akapaza sauti kuelekea juu ya mizigo.

"Jamani! Leo Festo anafanya mtihani wake wa mwisho. Anaendesha gizani, mimi nakaa kushoto namsahihisha!"

"Mtihani na sisi tukiwa ndani?" akaruka Mama Zaina. "Akifeli tutarudia wote?"

Watu wakacheka, mzee akacheka nao, tukaondoka.

Njiani ndipo nilipoelewa alivyokuwa akiendesha miezi yote ile. Alikuwa ameihifadhi barabara moyoni kama sura za Kurani. "Sasa panda kidogo. Hapa kuna mti wa mkwaju, piga kulia. Shusha gia, kuna tuta." Yote yakawa kweli. Nilianza kuona aibu, nikafikiri labda nimemvua mtu kazi yake bure. Tukashuka korongoni, tukavuka, tukapanda ng'ambo ya pili.

"Hapa nyoosha," akasema. "Ni pana mpaka juu."

Sikunyoosha. Nilikanyaga breki mpaka mizigo ikaguna. Upande wetu wa barabara haukuwepo. Maji ya usiku yalikuwa yameumega, yameacha shimo jeusi lenye kina cha kumeza keni nzima, na taa zetu zilikuwa zinaangalia hewa.

"Kuna nini?" akauliza mzee.

"Barabara imeliwa, mzee. Upande wetu wote."

Mama Zaina alianza kutukana kwa sababu ya nyanya, kisha akachungulia, akanyamaza. Mara ya pekee nimemsikia akinyamaza. Mzee Semkiwa aliteremka, akaenda kwa kupapasa na fimbo mpaka fimbo ikakosa ardhi. Akasimama pale. Aliporudi na kukaa, alisema maneno mawili tu.

"Mimi ningenyoosha."

Nikarudi nyuma, nikapitia ukingo wa kulia, taratibu, watu wote wakiwa wameshuka na kutembea. Tulipofika Korogwe, kumeshapambazuka, Mama Zaina aliniwekea nyanya kwenye kofia yangu. "Umefaulu," akasema. Kisha akamgeukia mzee na kumpa nyingi zaidi. "Na mwalimu pia." Mpaka leo sijui alisikia kiasi gani kule mbele ya boneti. Ila habari haikufika kwa tajiri mpaka mzee alipoipeleka mwenyewe.

Shida yake ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa ambao hospitali wanautoa na mtu anaona tena. Alipofanyiwa upasuaji nilimfuata Misima jioni. Alikuwa amekaa nje, anatazama juu, kicheko kimemjaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimemwona! Mjukuu kakonda, lakini yupo."

Nikamwambia basi arudi kwenye lori. Akakataa. Alisema ameshaonja kukaa kushoto, na kumbe kutoka huko mashamba yanaonekana vizuri, miaka yote hakuwahi kuyatazama.

Siku hizi kutoka Mkata kwenda Handeni ni lami, kutoka Handeni kwenda Korogwe ni lami, na bodaboda zenu zina taa za kumpofusha malaika. Mnaniambia, mzee Festo, nyota za nini? Taa hazioni, wanangu. Taa zinamulika, anayeona ni wewe.

Binti yangu Neema ni dereva pia. Alirithi ule ugonjwa wetu wa kutotulia. Yeye ndiye aliyetafuta kwenye simu habari za Bibi na Mjukuu akanisomea. Anasema yule mwekundu ni nyota ya uzee kweli, ameishiwa na chakula chake cha ujanani ndiyo maana kavimba na kuwa mwekundu. Na yule mweupe ni jua, kama hili letu, ila lina joto zaidi na linawaka zaidi, na liko katika umri wake wa kazi, bado lina miaka mingi ya kuchapa. Tunaliona dogo kwa sababu liko mbali, mbali zaidi ya maradufu ya Bibi.

"Kwa hiyo hajashika kanga?" nikamwuliza.

"Hajashika, baba. Yuko nyuma yake kabisa, ni sisi tu tunaowaona wamesimama pamoja."

Nilimpigia Mzee Semkiwa simu nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Bibi mzee mbele, kijana mwenye nguvu nyuma. Sasa tatizo liko wapi?"

Mimi na Neema tulikuwa tukipokezana lori dogo, kupeleka machungwa na mihogo. Vuli iliyopita tulikuwa Mkata, jioni, mabasi yanapita, wauza mahindi ya kuchoma wanapuliza makaa. Ilikuwa zamu yangu, ufunguo mkononi, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi. Neema alikuwa upande wa pili anakaza kamba ya turubai. Akapaza sauti, kama nilivyomzoesha.

"Baba! Mjukuu yuko mkono gani wa Bibi?"

Neno "kulia" lilikuwa limeshafika mdomoni kabla sijainua kichwa. Nikaling'ata. Nikashusha mguu. Nikasogea mbali na makaa ya mahindi, nikasubiri macho yatulie, nikatazama pembeni kidogo, kwa heshima. Bibi alikuwepo. Nikatazama pembeni upande mwingine. Nikafumba jicho moja, kisha la pili, na nilipojikuta nafanya hivyo nilijua nimeshawahi kumwona mtu akifanya vilevile, Magoma, mbele ya boneti.

Daktari aliniambia baadaye kwamba yangu ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, na kimebaki kingi kwa sababu niliwahi. Kapimeni macho yenu, msingoje nyota iwaambie. Lakini jioni ile nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba barabara ya kwenda Handeni naikumbuka yote, kila kona.

"Baba? Kulia au kushoto?"

"Sioni," nikasema.

Hakuuliza kwa nini. Alizunguka mbele ya lori akifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha kiganja, nikauweka ufunguo. Kisha nikapanda upande wa kushoto, nikashusha kioo. Ni kweli alivyosema mzee. Mahindi ya pale Misima njiani, taa zikiyamulika, ni mazuri sana.